Mifugo ya Ebenyo Kwenye Runinga

Ebenyo hakuwa mtu wa maneno. Katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Lodwar, alikofanya kazi ya stoo, wateja walimjua kwa mikono yake. Ukitaka misumari alikupimia, ukitaka mabati alikushushia, na ukimpigia soga aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amevuka arobaini, ana mke, Nakuleu, na binti, Nakaale, anayesoma shule ya bweni Lorugum. Kanisani alikaa kiti cha nyuma. Harusini alisimama karibu na mlango. Mahali pekee alipopaza sauti ni mbele ya mashine yake ya gemu.

Mashine hiyo aliinunua Kakuma, kwa dereva mmoja wa shirika aliyekuwa anahama. Ilikuwa imekula chumvi nyingi. Ikipata joto ilinguruma kama kinu cha posho, kisha ikazima bila kuaga, na Lodwar joto halina likizo. Basi Ebenyo akanunua feni na kuielekeza kwenye mashine. Vumbi nalo likataka kuingia kila tundu, akaifunika kwa leso ya mkewe. Stima nayo ikawa inapotea kila mara anapokaribia kufunga goli.

"Baba Nakaale," Nakuleu alimwambia siku moja, jasho likimtiririka, "nihamishe mimi nikae hapo chini ya runinga. Hiyo mashine ije ipike."

Ebenyo akacheka kidogo, feni akaiacha ilipo.

Mchezo wake ulikuwa mpira wa miguu, na mpinzani wake jirani, Kipchumba, karani wa ofisi ya maji, mtu wa upande wa Eldoret, mwenye mdomo usiochoka. Kila Jumamosi Kipchumba alivuka ua na kuja kucheza. Kila mmoja alikuwa na timu yake ndani ya mashine, na timu zote mbili zilikuwa kwenye ligi moja. Tangu waanze, kombe lilikuwa la Kipchumba. Hilo Ebenyo angelivumilia. Asilovumilia ni kwamba Kipchumba hakuyaacha mambo ya gemu kwenye gemu. Alipita dukani mchana, watu wamejaa, akauliza kwa sauti kama wanauza mabati ya kuzibia goli, maana kuna jirani yake ana shida. Watu wakacheka. Ebenyo akainamia misumari yake. Jibu zuri lilimjia baadaye, akiwa anaoga.

Kwa hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani: kumshinda Kipchumba mara moja na kumfunga mdomo.

Na msimu huu njia ilionekana. Ebenyo alikuwa amejitengenezea mshambuliaji wake mwenyewe, kwani mashine iliruhusu kuunda mchezaji na kumpa jina. Alimwita Emuria. Alimwanzisha akiwa kijana wa akiba asiyejua hata kupiga kona, akamlea msimu baada ya msimu, akampumzisha akichoka, akaikatalia kila timu iliyomtaka. Sasa Emuria alikuwa anapita mabeki kama upepo unavyopita kwenye ua wa miiba. Timu mbili zilikuwa sawa kwa pointi, na zimebakiwa na mechi chache, ya mwisho zenyewe kwa zenyewe, Jumamosi.

Wiki hiyohiyo, mkwewe akafika.

Mzee Lomorukai, baba yake Nakuleu, alitoka Namoruputh kuja kutibiwa jicho. Alishuka kwenye pikapu na fimbo yake, kigoda chake cha mbao na mbuzi mmoja wa zawadi. Watu wa pwani husema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huku kwetu majembe si mengi, na hata yangekuwepo, baba mkwe hapewi jembe. Baba mkwe hukaa anapotaka. Humkatizi maneno yake, humwambii hapana, na akiingia mahali unapopumzika, wewe ndiye unayesogea. Feni ilikuwa mahali pamoja tu. Mzee akaweka kigoda chake hapo, kati ya Ebenyo na runinga.

Siku ya kwanza hakusema kitu. Siku ya pili aliinamisha kichwa, akatazama kwa jicho lake zima wale watu wadogo wakikimbia kwenye majani ya kijani, akauliza ni akina nani.

Hapo ndipo Ebenyo alipokosea. Mtu mwingine angeeleza kwamba ni mchezo, ni picha, hawapo. Lakini maelezo ni maneno mengi, na maneno mengi mbele ya mkwe yalimpa Ebenyo jasho la mgongo. Akatafuta njia ya mkato.

"Ni kama mifugo yangu, Baba," akasema. "Nanunua, nauza, nalea."

Mzee Lomorukai akavuta kigoda karibu.

Kuanzia hapo hakukuwa na amani. Mzee alikuwa amechunga maisha yake yote, na kundi likiwekwa mbele yake hakuweza kunyamaza. Alitaka kujua yupi amezaliwa nyumbani na yupi wa kununuliwa. Alimtazama beki wa kulia akikimbia, akasema huyo mguu wa nyuma una kasoro. Ebenyo alitaka kusema kwamba huyo hana mguu wa nyuma, ana miwili tu kama watu wengine, lakini akameza mate. Mzee akasema auzwe kabla kiangazi hakijamkondesha. Ebenyo akamuuza. Alikuwa beki wake bora.

Kesho yake mzee akasema kundi zima linakimbizwa mno. Mifugo hukimbizwa hivyo ikiwa tu kuna maadui. Akaagiza wapumzike. Ebenyo akacheza nusu mechi huku wachezaji wake wakipasiana nyuma polepole, kama wanaokwenda kisimani, na timu ya mwisho kwenye ligi ikamfunga. Timu ya Kipchumba nayo ilifungwa siku hiyohiyo, kwa bahati, na bado wakawa sawa.

Jikoni, Ebenyo alimnong'oneza mkewe, akamuuliza kama hawezi kumweleza baba yake ukweli.

"Nimweleze nini?" Nakuleu akamjibu huku akikoroga chai. "Si wewe uliyemwambia ni mifugo? Mimi nilikuwa hapa na sufuria zangu."

"Lakini ameniuzia beki."

"Shukuru. Nyumbani aliwahi kugawa ngamia tuliyemtegemea kwa maziwa."

Ijumaa tajiri wake akamtuma Kakuma na lori la mabati. Ebenyo alifurahi, maana padi yake moja, kile kidude cha kushika mkononi, ilikuwa na kitufe kinachokwama, na Kakuma kuna Malual, kijana wa kambini mwenye kibanda cha vifaa vya gemu. Alishusha mabati, akaenda kibandani, akapata padi iliyotumika lakini nzima. Malual alimwambia aijaribu kwanza, na vijana waliokuwa hapo, mmoja akiongea Kiswahili cha Kongo na mwingine Sheng ya Nairobi, wakampisha kwenye benchi. Ebenyo alicheza dakika chache bila mtu kumwambia apumzishe yeyote. Karibu machozi yamtoke.

Njiani kurudi, laga, ule mkondo wa mto mkavu unaokata barabara, ilikuwa imejaa maji ya mvua iliyonyesha mbali milimani. Lori likalala upande huu na Lodwar upande ule. Alifika nyumbani Jumamosi mchana, nguo zimeganda tope, padi mpya ikiwa kifuani ndani ya shati. Mzee alikuwa kwenye kigoda chake, Kipchumba amekaa pembeni yake, na kati yao vikombe vya chai na mifupa ya mbuzi.

"Ejok, jirani," Kipchumba akasalimia kwa lugha ya wenyeji. Alikuwa anatabasamu kuliko kawaida.

Ebenyo akawasalimu, akamsalimia mkwe wake kwa heshima, akawasha mashine. Akafungua orodha ya timu yake. Emuria hakuwemo. Akadhani tope limeingia machoni. Akaangalia tena wa akiba, akaangalia majeruhi. Mwisho akafungua timu ya Kipchumba. Emuria alikuwa pale, namba tisa, amevaa jezi ya kijani.

"Mzee amenipa," Kipchumba akasema haraka, kwa Kiswahili, ambacho mzee hakukijua. "Mimi niliomba tu, jirani. Sikuiba."

Mambo yalikuwa hivi, na Nakuleu ndiye aliyeyaeleza kutoka mlangoni, bila haraka. Asubuhi Kipchumba alikuja kumjulia hali mgonjwa. Mzee alifurahi akamchinjia yule mbuzi, na Nakuleu akawa anawatafsiria maneno. Wakati wa kula, mzee akamwonyesha mgeni kundi la mkwe wake. Kipchumba akamsifu Emuria, akasema kwa mzaha tu kwamba anaomba apewe yule. Na mgeni aliyekula nyama yako akiomba mnyama, utamwambia nini? Mzee akatoa. Kipchumba, ambaye vitufe anavijua, akamhamisha papo hapo.

"Na wewe ukatafsiri," Ebenyo akasema.

"Nilitafsiri vizuri," Nakuleu akajibu.

Walicheza. Ebenyo alishika padi mpya hadi vidole vikauma. Alilinda, alikaba, alirudisha watu wote nyuma. Kipindi cha kwanza kikaisha bila goli. Kipindi cha pili, karibu na mwisho, Emuria alipokea mpira kando ya uwanja, akakunja kwa ndani, akapiga kwa mguu wa kushoto, chini kwenye kona. Ebenyo alilijua shuti lile. Yeye ndiye aliyemfundisha.

Mzee Lomorukai alipiga mapaja kwa furaha. "Wetu huyo," akasema. "Mmeona? Ni wetu."

Kipchumba akainua mikono akazunguka chumba kizima. Aliimba, aliuliza kama duka litafunguliwa Jumatatu ili akanunue kabati la kuweka vikombe. Filimbi ya mwisho ikalia. Kombe likaonekana kwenye runinga, likiwa mikononi mwa Emuria.

Ebenyo akaweka padi sakafuni. Akamgeukia mkwewe.

"Baba," akasema, "huyo alikuwa wangu. Nilimlea mimi. Nilikuwa namtaka kwa leo."

Nakuleu akaacha kukusanya vikombe. Hakuwahi kumsikia mumewe akimlalamikia baba yake, na wala Ebenyo hakuwahi kujisikia. Alitazama chini akingoja fimbo, au laana.

Mzee hakukasirika. Alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyechelewa kutembea.

"Najua alikuwa wako," akasema. "Kwani nani hutoa mnyama mbaya? Ukitoa aliyekonda, umetoa nini? Nimempa jirani yako yule ambaye kumtoa kunauma, ili na wewe ukimwomba asiweze kukukatalia. Ni miaka mingi unakaa naye ukuta kwa ukuta na hujawahi kumwomba hata chumvi. Muombe."

"Nimuombe nini?"

"Mimi najuaje? Kundi lake unalijua wewe."

Ebenyo hakuwa mtu wa kuomba. Hata kiberiti alinunua badala ya kuazima. Akamgeukia Kipchumba, na kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili, akasema, "Nipe yule kipa wako."

Kipchumba akacheka hadi akashika ukuta. Kipa wake alikuwa nusu ya timu. Akasema jirani amechoka na safari, alale. Kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka. Mzee alikuwa amemkazia lile jicho moja, mikono miwili juu ya fimbo, akingoja bila haraka kama mtu mwenye mchana wote.

"Mama Nakaale," Kipchumba akasema, "mwambie mzee hii ni gemu tu."

Nakuleu akatafsiri. Mzee akajibu kwa maneno machache.

"Anauliza," Nakuleu akasema, "kama na mbuzi uliyekula alikuwa gemu."

Kipchumba akatazama mifupa iliyokuwa kwenye sahani. Akafungua mdomo, akaufunga. Ebenyo hakuwahi kuuona mdomo ule umefungwa kwa muda mrefu hivyo. Mwisho karani wa maji akachukua padi, akaingia kwenye timu yake, na huku akilalamika kwamba huku watu hawana sheria, akamhamisha kipa. Alipoondoka hakuaga kwa matusi yake ya kawaida. Alisema tu Jumamosi atarudi, na asikute mbuzi mwingine.

Kombe lilikuwa limekwenda. Ebenyo alibaki na makipa wawili hodari na hana mtu wa kufunga. Mzee aliona kundi limekaa vizuri, akaanza kumweleza jinsi ya kumtoa kipa wa zamani kwa rafiki mwingine, ikiwezekana mtu wa mbali, tuseme wa Lokichoggio, ili ukame ukija upande huu pawe na mahali pa kukimbilia. Alieleza kwa kirefu. Ebenyo alisikiliza, kichwa kinamgonga, tope likimkaukia miguuni. Kisha wazo likamjia, na safari hii halikungoja hadi aoge.

"Baba," akasema, "nakuomba kitu."

Mzee akakatiza maelezo yake.

"Nakuomba uniachie hapa jioni hii. Nicheze peke yangu."

Mzee Lomorukai akamtazama mkwewe. Akatazama feni, akatazama runinga. Mtu aliyeombwa na mkwewe, mbele ya binti yake, hana pa kukimbilia. Akainuka polepole, akabeba kigoda chake, akaenda kukaa nje kwenye joto.

Ebenyo akahamia mahali pake. Akaanza msimu mpya dhidi ya timu ndogo ya mashine, isiyojulikana na mtu yeyote. Alifungwa mawili kwa nunge, na hakuna aliyemwambia kwa nini.