Salamu Mlangoni mwa Seva

Mama mmoja wa Wawi alikuwa kwenye ofisi moja ya Chake Chake, akisubiri cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, aliyetakiwa kupanda boti mchana huo kwenda chuo Unguja. Fundi wa seva, zile kompyuta zenye kumbukumbu zote, alisimama ameushika wazi mlango wa chumba chake, akisalimiana na mama huyo. Salamu zilipofika kwa wajukuu, programu inayosimamia chumba ikalia: joto limepanda.

"Funga, seva zitajizima!" karani akamwambia.

"Nimfungie Bi mlango usoni?"

"Nifungie, mwanangu, boti haingoji."

Akafunga, akabaki ndani. Cheti kikatoka. Mama akakikunja, akagonga mlango: "Haya toka, tulifika kwa wajukuu."

Programu hupima joto na umeme, na huangalia kama mlango umefungwa. Haikukataza salamu; ilitaka zitolewe nje.