Mama Yangu wa Timau

Nyinyi vijana mtakaosoma haya mkiwa mmelala kitandani na viatu, ketini vizuri. Nawaambia vile nilivyorudi shule na meno yangu machache, tena shule ya kufundishwa nyanya yangu alikuwa nani.

Mjukuu wangu anasoma chuo kule Nchiru. Alikuja likizo akaniambia kuwa kwenye ukumbi wa kanisa letu hapa Runyenjes kuna masomo kila Jumamosi, ya watu wanaotafuta historia ya jamaa zao.

"Ni bure, shosho. Na kuna chai."

"Jamaa zako ni mimi hapa, nachambua maharagwe. Unataka kututafuta wapi?"

"Dada yako hayuko hapa kwa maharagwe."

Huyo msichana ana mdomo wa mama yake. Lakini alisema kweli. Dada yangu mkubwa aliolewa, akaenda na mumewe kufanya kazi kwenye mashamba ya ngano Timau, kabla simu hazijafika kwetu. Wakahama shamba, habari zikakatika. Nilienda kumtafuta, nikauliza jina la mumewe kila lango, nikarudi na kikohozi tu. Sasa kwa watoto wa mama yangu nimebaki peke yangu, na sikutaka kuingia kaburini kabla watoto wa dada yangu hawajanijua.

Basi nikaenda. Nilisema naenda kumchunga mjukuu.

Mwalimu alikuwa mwanamke kijana mwenye kucha ndefu za rangi. Niliziangalia nikajua hizo hazijawahi kuchuma chai. Akatupa karatasi tuchore mti wa jamaa, watu wazima tumeinama kama watoto wa nasari. Mzee mmoja wa kanisa aliyekaa karibu nami alijaza wanaume wote wa kwao haraka haraka, kisha akakwama.

"Jina la mama mkwe sisi hatulitaji," akanong'ona.

"Hulitaji ama hulijui?"

Akafikiria. "Yote mawili."

Mwalimu akaja kuangalia mti wangu. "Shosho, huyu dada yako mlimtafuta kwa jina la nani?"

"La mumewe. Mwanamke hutafutwa kwake."

"Na msichana wake wa pili anaitwa nani?"

"Nitajuaje? Nilimwona wapi?"

Hakubishana. "Kwenu msichana wa pili hupewa jina la nani?"

"La mama ya mama yake. Hata wewe unajua."

Nikasikia maneno yangu mwenyewe, nikaweka kalamu chini. Msichana wa pili wa dada yangu lazima awe na jina la mama yetu. Maisha yangu yote nimesimamia majina ya watoto hapa nyumbani, na yeyote aliyeleta jina la kutoka kwa televisheni alinisikia. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba majina hayo ni njia, na mtu anaweza kuyafuata akafika mahali. Nilifundishwa hivyo na mwenye kucha.

Jina la mama yangu ni la Kiembu kabisa, na huko Timau wengi ni Wameru. Jina kama hilo huko linaonekana kama shina la mhindi katikati ya ngano. Mjukuu akampigia mwenzake wa hosteli ambaye kwao ni Timau, naye akamwomba mama yake aulizeulize sokoni. Kabla ya Jumamosi nyingine tukapata namba ya mwanamke mwenye jina hilo, anayeuza viazi.

"Muulize baba yake alitoka wapi," mjukuu akasema, simu ikilia. "Muulize walihama shamba gani. Mwalimu alisema tuhakikishe."

"Lete hiyo simu."

Mtu akaitika, na nyuma yake kelele za soko. Nikasema, "Mama."

Basi, hivyo tu. Kwetu mtoto mwenye jina la mama yako unamwita mama, hata kama bado anavaa nepi. Mtu mwingine angeniambia nimekosea namba. Huyu nikasikia anatoka kwenye kelele za soko.

"Hakuna aliyeniita hivyo tangu tumzike mama yetu," akasema.

Ndivyo nilivyojua dada yangu amekufa, na ndivyo nilivyompata mtoto wake. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni.

Kisha akauliza, pole pole, "Wewe ni yule mdogo wake aliyekuwa anaogopa jogoo?"

Mjukuu akacheka mpaka akashika mlango. Nikamwambia jogoo yule alikuwa mbaya, kila mtu alimwogopa, hata dada yangu, ila hilo hakuwahadithia watoto wake.

Akasema watakuja Jumamosi, yeye na ndugu zake wote. Nikaita watu wangu jikoni.

"Jumamosi hakuna kwenda masomo. Mama yangu anakuja. Wewe utaponda viazi vya mukimo, na mpondaji asiwe na simu mkononi. Nyinyi mtafagia mpaka barabarani. Hakuna mtu atauliza mgeni swali la karatasi kabla hajashiba. Na huyo jogoo wetu afungiwe."