Umeme wa Polepole

Nina utepe mmoja wenye nyimbo nne za yaya, kaka yangu mkubwa, na hakuna mtu anayeweza kumsikia ndani yake. Haujakatika wala haukuungua, na panya hawakuutafuna. Unazunguka vizuri kabisa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari yangu huniambia nitafute fundi, na mimi nimechoka kutajiwa mafundi.

Wakati ule wa Wabelgiji nilikuwa karani katika kiwanda cha pamba pale Kasongo. Yaya alifanya kazi hapo hapo, ila yeye hakushika kalamu. Alisimama mbele ya mashini ya kuchambua, akiilisha pamba kwa mikono tangu asubuhi mpaka filimbi ya jioni. Mimi nilipiga gita, yeye aliimba. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini. Akikusalimu nyuma ya ukuta ungedhani ni mtu mwenye tumbo kubwa, kumbe alikuwa mwembamba, shingo ndefu. Hata jirani zetu wa upande wa msikiti, ambao hawakupenda magita, walisimama barabarani akiimba. Nilimwonea wivu kwa sauti ile, sina haja ya kuficha.

Mzungu mmoja wa ofisini, alipomaliza muda wake na kurudi Ulaya, aliniachia mashini yake ya kunasa sauti. Kifuniko kilikuwa kimepasuka, na uzito wake ulikuwa wa kuvunja mgongo, naye hakutaka kuibeba. Nilikuwa nimemfungia masanduku wiki nzima, kwa hiyo akaniambia, "Chukua," bila hata kunitazama. Nikachukua. Ningeichukua hata kama angeitupa matopeni. Ndani mlikuwa na utepe mmoja tu.

Nyumba yangu ya ukarani ilikuwa ndani ya uzio wa kiwanda, na ilikuwa na taa moja. Kwenye taa hiyo niliunga waya, nikageuza chumba cha nyuma kuwa studio yangu. Kuta za matofali zilirudisha sauti kama pipa tupu, nikahitaji kitu laini cha kuzifunika. Pamba safi ilipimwa, na kuiba konzi moja kulimpeleka mtu gerezani. Lakini taka za pamba, zile nyuzi chafu zinazofagiliwa chini ya mashini, hazikuwa na mwenyewe. Nikajaza magunia, nikayapigilia ukutani, nikaziba dirisha, nikaziba hata tundu la mlango. Nikasimama katikati nikapiga kofi, na kofi likafa hapo hapo. Nilifurahi kama mjinga.

Taka zile ndizo zilizokuwa kifuani mwa yaya. Miaka yote alivuta vumbi lake kule kiwandani, na jioni mdogo wake akamfungia nalo chumbani bila hewa, akamwambia avute pumzi ndefu. Aliimba mistari miwili, akakohoa, tukarudi mwanzo. Aliimba mitatu, akakohoa. Mimi nilikasirika. Nilimwambia, "Yaya, jikaze, utepe iko mumoja tu." Naye akajibu, "Nitajikaza, mudogo yangu. Weka tena." Nikikumbuka nilivyomwambia ajikaze, nasikia aibu mpaka leo.

Tulinasa saa za taa, baada ya magharibi, kiwanda kikiwa kimenyamaza na mota kubwa ikibaki na kazi ya kuwasha taa peke yake. Mazuti, yale mafuta ya mota, ililetwa kutoka Kindu kwa mapipa, na mvua ikiharibu barabara mapipa yalikwama njiani wiki na wiki. Fundi wa mota, mtu wa mjini mwenye maneno mengi, alijisifu kwamba kwake hakuna tone linalopotea. Kila jioni aliipunguza mota mwendo mpaka taa zetu zikawa nyekundu. Wazungu walinung'unika, halafu wakazoea. Sisi hatukujua taa za namna nyingine.

Siku tuliyomaliza wimbo wa nne tulikaa sakafuni tukasikiliza zote. Sauti yake ilitoka ileile, nzito, na katika wimbo wa tatu kilisikika kikohozi ambacho nilishindwa kukifuta. Yaya alishika magoti, akatikisa kichwa. "Kumbe mimi niko hivi?" akasema. Kisha akasema, "Mama asikie." Hakutaja redio, wala watu wa Leo, mji mkuu wetu, na sahani zao za muziki. Mama yetu aliishi kijijini, upande wa Wamaza, na hakuwa na hata taa ya mafuta iliyo nzima.

Kabla mvua haijaisha, yaya alianza kutema damu, na kiwanda kikamwondoa. Nikampandisha kwenye lori la Kabambare, akarudi kwa mama, akafia huko akiwa ameketi, maana akilala pumzi zilimkataa. Nilifika kwenye matanga siku ya tatu. Mama hakunilaumu. Mimi mwenyewe, bila kuulizwa, nilimwambia mbele ya watu kwamba yaya hajanyamaza, sauti yake iko kwangu, na yeye mama atakuja Kasongo aisikie. Mama akashika kitambaa cheusi kichwani mwake. "Basi hiki sitakifungua mpaka nimusikie," akasema. Siku ya kuondoa matanga wenzake wote walifungua vyao, yeye akabaki nacho.

Ilibidi nimngoje avune karanga zake na apate karatasi ya ruhusa ya safari. Hapo tamaa ikaniingia. Niliupeleka utepe posta, ukaenda kule Leo, kwenye nyumba moja ya kutengeneza sahani. Nilitaka yaya aimbe katika kila duka lenye gramafoni, na nilitaka jina langu liandikwe pembeni kama mpiga gita. Utepe ulirudi baada ya miezi, pamoja na barua fupi ya Kifaransa. Walinishukuru. Walisema watoto wangu wanaimba vizuri, ila wao hawatoi nyimbo za watoto.

Niliwatukana sana siku ile. Nilidhani wamesikiliza utepe wa mtu mwingine. Wakati huo kiwanda kilikuwa kimeshaleta mota mpya, na jioni taa zetu sasa ziliwaka nyeupe, tukafurahi kwamba hata sindano inaonekana. Nikaunga waya, nikaweka utepe, nikangoja sauti ya yaya. Kikatoka kifaranga. Kilipiga kelele za haraka haraka, na gita langu likikifuata nyuma kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Nilizima, nikawasha tena. Niligeuza utepe, nikapangusa mashini kwa shati langu. Kifaranga kilikuwa palepale.

Fundi wa mota ndiye aliyenieleza, akicheka kwanza, halafu akaacha kucheka. Mashini ile ilizunguka kwa kufuata mwendo wa umeme. Sisi tulinasa kwa umeme wake wa polepole na tukasikiliza kwa umeme huohuo, ndiyo maana tuliona kila kitu ni sawa. Kwenye umeme wa mahali pengine popote, utepe unakimbia kuliko ulivyonaswa, na mtu mzima anageuka mtoto. Nikamwomba aipunguze mota mpya, jioni moja tu.

"Hii haikubali," akasema. "Inajipanga yenyewe. Nikiigusa, inazima."

"Na ile ya zamani?"

"Ile walishaivunja, karani. Vyuma vyake vilienda na mashua ya Nyangwe, njo basi, imekwisha."

Siku nne baadaye mama akafika. Alikuwa ametembea siku mbili, kisha lori la pamba likambeba. Alikuja na jogoo, unga wa muhogo, na kile kitambaa kichwani, sasa kimepauka na kuwa cha kijivu. Nilitaka kumwambia mashini imekufa. Ningesema hivyo ningekuwa mtoto mwema. Lakini hakunywa hata maji. Aliingia chumba cha nyuma, akaketi juu ya gunia chini ya zile taka za pamba ambazo sikuwa na moyo wa kuziondoa, akakunja mikono. Nikawasha.

Alisikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Watoto wa nani hawa?" akauliza.

"Ni yaya, mama."

"Yaya gani?"

"Yaya wetu. Mashini inamukimbiza. Mwenyewe hakuwa hivi."

Alinitazama kama zamani, nilipokuwa mdogo na nikidanganya habari ya mayai. "Mutoto wangu alikuwa mwanaume mukubwa," akasema. "Huyu hapana yeye."

Ndipo nikafungua kifuniko, nikabana gurudumu kwa kidole gumba. Sauti ikashuka, ikazama mpaka ikawa mngurumo wa ng'ombe. Nikaachia, ikaruka juu, ikawa kifaranga. Nikabana tena. Nilifanya hivyo wimbo mzima wa pili, jasho linanitoka, kidole kinaungua, namtafuta yaya kati ya ng'ombe na kifaranga. Katika wimbo wa tatu kidole changu kikapata mahali pake, kwa kitambo kidogo tu, si zaidi ya pumzi moja. Kilichopita hapo kilikuwa kikohozi.

Mama akainua kichwa. "Njo yeye, mutoto wangu," akakubali.

Nikapiga kelele, "Umemusikia?" na kwa furaha ile kidole kikateleza. Nilirudisha utepe mara nane, mara tisa. Sikumpata tena. Mwishowe mama alinishika mkono akautoa juu ya mashini, akapuliza kidole changu kilichobabuka, jinsi alivyokuwa akinipuliza zamani nikiungua jikoni.

Aliondoka na lori la asubuhi. Nilipokuwa nampandisha nilimwomba afungue kitambaa, maana alisema mpaka amsikie, na alikuwa amemsikia. Akakikaza fundo.

"Kile kikohozi chake nilikuwa nacho nyumbani mpaka siku ya mwisho," akasema. "Nilikuja kusikia sauti."