Bakuli Moja, Halipungui Halizidi

Mtaa mzima humwita Bi Bakuli, naye akiitwa hivyo hukaza shingo kama aliyevishwa nishani. Miaka thelathini na moja alipika katika jiko la shule ya bweni, na mboga za majani alizigawa kwa bakuli lake la bati lililobonyea ubavuni. Wakuu sita wa shule walikuja na mizani zao, wakaondoka. Bakuli likabaki. Kusoma alisoma kwa kubahatisha, tena herufi kubwa tu, lakini kwenye majani hakuwa na wa kumfundisha. Huyaosha yangali mazima, ndipo huyakata. "Ukikata kwanza ukaja kuosha, uzuri wake wote umeunywesha mtaro," husema.

Alipostaafu, bakuli lilihamia nyumbani. Kila mchana mumewe, seremala, alipata bakuli moja, mchicha leo, majani ya maboga kesho. Ndiyo maana, Bi Bakuli alijigamba, tumbo la mzee halijawahi kugoma, na mstari wa penseli ubaoni anauona bila miwani.

Kisha damu ikaganda mguuni mwa mzee. Hospitali wakampa vidonge vya kuizuia isigande, na kila mwezi akawa anapimwa. Alipoulizwa anakula nini, mzee alijibu, "Ninachopewa." Miezi mitano vipimo vikatoka sawasawa.

Ndipo akaja dada wa mzee.

"Wifi, unataka kumzika kaka yangu? Jirani yangu anameza dawa hiyohiyo. Kaambiwa majani na dawa hiyo havipikiki chungu kimoja!"

"Kaambiwa na nani?"

"Na wanaojua."

"Mimi namlisha majani tangu wewe hujaota mvi."

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa!"

Neno hilo lilimchoma. Ubishi anao, lakini si wa kuuwekea rehani uhai wa mume. Akalikausha bakuli, akalifungia kabatini. Siku kumi mzee alikula viazi na maharage, akinung'unika, "Kwani nimeoa upya? Huyu anayepika ni nani?"

Siku ya kumi na moja alipiga mswaki, akatema mate mekundu. Akasukutua, yakaja mekundu tena. Fizi hazikukoma kutoka damu. Bi Bakuli hakungoja chai. Alimshika mkono mzee wakaenda hospitali, na bakuli akalitia mkobani, mwenyewe hajui kwa nini.

Daktari, binti wa umri wa mjukuu wake, aliitazama karatasi ya kipimo, akakunja uso. "Babu, damu imekuwa nyepesi mno. Umebadilisha nini?"

"Muulize bibi yako."

Bi Bakuli aliliweka bakuli mezani, likalia ngaa! "Nimemwachisha hili. La mboga za majani, moja kila siku, miaka na miaka. Nikaambiwa namuua."

Daktari alilishika, akaligeuza. "Bibi, kosa ni kuacha bila kutuuliza. Majani yana kitu kinachosaidia damu kuganda. Dawa tuliipima babu akiwa anayala. Ulipoyaondoa, dawa ikamzidi nguvu. Wagonjwa wengi wanatusumbua, leo mlima wa mboga, kesho hata jani moja. Wewe ulikuwa huyumbi."

"Kuyumba sikufundishwa, mjukuu wangu."

Dawa ikasimamishwa kwa muda, fizi zikatulia, dawa ikarudishwa, bakuli nalo likarudi kazini kama daktari alivyoagiza. Kipimo cha mwezi uliofuata kikakaa mahali pake. Siku hiyo daktari aliliomba bakuli, akalinyanyua mbele ya wagonjwa wa dawa hiyo waliojaa kwenye mabenchi. "Majani ni afya, msiyaogope. Ila kipimo kiwe kilekile, na msibadilishe kitu kabla hamjatuambia." Bi Bakuli alisimama pembeni, mikono kiunoni, akihesabu wanaotazama.

Jioni wifi yake akabisha hodi, sauti imepoa.

"Wifi yangu, na mimi nimeambiwa nile majani, kwa ajili ya mifupa hii na tumbo hili. Si uniazime bakuli?"

"Sufuria nitakuazima. Kisu pia." Bi Bakuli alilipangusa bakuli taratibu, akalirudisha juu ya kabati, mahali pa kuonekana. "Bakuli kanunue lako, ulibonyeze mwenyewe."