Figo Katika Daftari la Wageni

Miaka ile wakimbizi wa Burundi wakishuka ufukweni, mama yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi huku Gungu. Aliyepokea mgeni alimleta sebuleni kwetu. Mama alimtazama juu hadi chini, akaandika kwenye daftari, kisha akawaambia sungusungu, "Huyu namjua, mwacheni." Kuanzia hapo hakuna aliyemuuliza karatasi.

Kwa hiyo mafigo ya mama yalipokufa, na wifi yake, yaani shangazi yangu wa Kasingirima, akamtolea moja lake huko India, mama hakumsumbua daktari kwa maswali. Daktari alieleza kwamba askari wa mwili hushambulia kiungo kigeni, ila zipo seli chache za kuwatuliza. Wangezitoa kwenye damu yake, wazizalishe, wamrudishie. Lilikuwa jaribio tu. Huenda mbele ya safari vidonge vya kuwazuia askari hao vingepungua.

"Mabalozi hao," mama akasema. "Endelea."

Alirudi kutoka India akiwa ameshapewa seli hizo, uso unang'aa kama ziwa baada ya mvua. Kabla hata ya kunywa maji alifungua daftari, nami nikasoma begani kwake: Mgeni, figo. Atokako, Kasingirima. Mwenyeji, mimi. Muda wa kukaa, daima.

Wiki ya pili shangazi alikuja na samaki wa kukaanga, migebuka, kumwona mgonjwa, au tuseme kuliona figo lake. Akitafuta majani ya chai, alifungua kopo akakuta vidonge.

"Wifi! Hivi si vya kumeza?"

"Vilikuwa. Mgeni ameshatambulishwa, nani anamdai karatasi tena?"

"Kunikataa mimi miaka ishirini hakukutoshi, sasa unalikataa na figo langu?"

"Lako? Si ulishalitoa?"

"Nilikupa ulitunze, sikukupa ulizike!"

Nilimpigia simu daktari wa hapa mjini. Hakucheka. Alisema vidonge hupunguzwa na daktari kwa vipimo, si na mgonjwa kwa daftari. Askari wakiamka figo litakufa, na jingine hakuna. Aletwe sasa hivi.

Mama, ambaye sikuwahi kumwona akimwogopa mtu, aliweka kiganja chini ya kitovu. "Nisamehe," akasema.

"Unamwambia nani?" shangazi akauliza. "Mimi au lenyewe?"

"Wote wawili. Nipe kanga yangu."

Tuliwahi. Figo lilikuwa limeanza kukataliwa; mama alichomwa sindano siku tatu, vipimo vikatengemaa, akarudi nyumbani na vidonge vyake vyote. Shangazi naye alirudi, na godoro.

Kila asubuhi nilimsikia: "Fungua mdomo. Inua ulimi. Wifi, inua vizuri!"

"Figo wamelituliza," mama alininong'oneza. "Mwenye figo je, nani atamtuliza?"

Hata hivyo alifungua daftari, akaandika chini ya figo: Mgeni, wifi. Muda wa kukaa. Hapo kalamu ikasita, akaenda kuangalia maharage jikoni. Shangazi alivuta daftari, akavaa miwani yake, akajaza: Kama wa hapo juu.