Feni ya Hita na Dumu la Ukweni

Vicheko vyenu nimevisikia tangu nabisha hodi, kwa hiyo kaeni niwaeleze mwenyewe, maana mkiachiwa ninyi mtasema hata gari lilikuwa limelewa. Aibu ilinipata, sikatai, tena mbele ya wakwe ambao walikuwa hata hawajawa wakwe.

Mnamjua mdogo wangu Deo. Alimpata binti wa Runazi, Neema, akampenda mpaka akawa hali chakula, na tulipopanga kwenda kujitambulisha baba wa binti akapiga simu: leteni pombe ya ndizi ya Ngara kidogo, ya heshima, wazee waonje, ila mjue binti yangu simwozeshi kwenye ukoo wa walevi. (Kuna mtu alikuwa ameshampelekea maneno juu yetu, na mimi namjua, lakini leo si zamu yake.) Deo akaniangalia kwa huruma, "Dada, chonde, tufike vizuri." Nikamwambia gari langu lipo, aondoe wasiwasi.

Sasa gari lenyewe feni ya hita ilikuwa imekufa, na asubuhi za huku kwetu mnazijua, kioo cha mbele kinashika mvuke mpaka huoni boneti. Nikasema kwa fundi siendi, mimi mwenyewe nina akili. Nikatazama fyuzi, nzima. Nikagonga mota ya feni kwa mpini wa bisibisi, kimya. Nikachukua waya nikaiunga moja kwa moja na betri, ikavuma! Kumbe mota haina shida, ugonjwa uko kwenye swichi au kile kidude cha kuongeza na kupunguza kasi, na spea yake mpaka uagize. Basi nikaamua jambo dogo tu, jamani, dogo: waya ubaki hivyo hivyo kwa leo. Nikausokota kwa koleo, nikaufunga utepe, nikatamba uani kama mtu aliyetengeneza ndege.

Nilichosahau ni kwamba feni iliyoungwa hivyo haizimiki, na ile swichi ya kuchagua joto au baridi ilishakatika zamani ikakwama kwenye joto. Kuteremka milima ya Ngara tulifurahi, kioo safi, na Baba mdogo Filbert (ndiye msemaji wetu, kakaa mbele na koti lake la Krismasi, dumu la pombe kalibana katikati ya miguu, hewa ya moto inalipuliza) akanisifu sana. Tulipofika Lusahunga jua limeshawaka, hakuna anayesifu. Tukaacha lami, vumbi jekundu, tukifungua vioo nguo zinaharibika, tukifunga tunaiva.

"Koleta," akasema Baba mdogo, jasho linamdondoka kidevuni, "tunakwenda ukweni au unatupika?"

Nikamwambia avumilie, tumekaribia. Koleo nimeliacha nyumbani, na kusema kweli hata ningekuwa nalo nisingesimama, nilishajigamba mno.

Kumbe na pombe nayo inazidi kuchacha! Aliyeitengeneza alikuwa ameziba dumu kwa jani la mgomba ili ipumue, mimi kwa kuogopea zulia la gari langu nikalitoa jani, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote.

Tunakata kona kuingia uani kwa kina Neema, akina mama wameshaanza vigelegele, nikasikia puuu! Kifuniko kikagonga dari, povu likampiga Baba mdogo usoni, likaruka nyuma kwa Deo na shati lake jeupe, likaniingia mimi mpaka kwenye kilemba. Vigelegele vikakatika. Tukashuka tumelowa, tunanuka kilabu kizima, na dumu limebaki nusu.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia baba wa Neema, aliyekuwa amesimama mlangoni kutupokea.

Hakuitikia. Akalitazama dumu, akatutazama sisi. "Mmeanzia wapi kunywa?"

Deo machozi yakamlenga. Nikaanza kueleza feni, waya, betri, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika mlevi.

Mzee akamsogelea Baba mdogo. "Fungua kinywa. Pumua."

Haki ya Mungu, mtu mzima, mwanakwaya, akapumua puani kwa mzee mwenzake! Akafuata Deo. Nikaja mimi, na asubuhi nilikuwa nimekula dagaa, mzee akageuza uso.

"Hawa hawajanywa," akasema, na kicheko kikamponyoka. "Zimelewa nguo, wenyewe wazima. Marahaba, binti yangu, karibuni ndani."

Niliingia wa kwanza, kabla hajabadili mawazo. Tulipotoka feni ilikuwa imeshamaliza betri, tukasukumwa na wakwe hao hao, wanacheka mpaka wanaachia gari. Waya wa "kwa leo tu" sitaunga tena maishani mwangu. Neema tumepewa, harusi ipo, ila mzee ametoa sharti moja, kwamba siku hiyo binti yake asipandishwe gari langu. Nilitaka kubisha, lakini Deo alikuwa ameshakubali.