Waliningoja Nife kwa Ukimwi Ambao Sina

Admin, ficha jina langu, mengine yaache yalivyo. Kwa karibu miaka arobaini nimewaacha watu waamini kwamba nina ukimwi. Sina, na sijawahi kuwa nao. Nina miaka themanini na minne, nilifundisha kemia sekondari, na sasa hata kufika barazani nashikiliwa mkono. Msinihurumie. Someni tu.

Mwanangu wa kiume alizaliwa wakati wa vita vya Kagera, tulipokimbilia Muleba kwa wazazi wangu. Alipofika darasa la kwanza tumbo lilivimba, mifupa ikamuuma, pua ikawa inatoka damu. Miaka hiyo kila nyumba ilikuwa na msiba, na ukimwi tuliuita Juliana. Daktari mmoja mgeni alimpima, akanieleza tukiwa wawili: mtoto amekosa kimeng'enya kinachovunja aina fulani ya mafuta, hivyo mafuta yanajaa kwenye wengu na mifupa. Amerithi kwangu na kwa mama yake. Dawa hakuna.

Kwetu, kabla ya kuoa, watu hupeleleza ukoo, na ugonjwa wa kurithi hufunga posa za nyumba nzima. Nami nilikuwa na mabinti. Jirani aliponiuliza, "Mwalimu, ni Juliana?" nikamjibu, "Ndiyo. Nimeileta mimi."

Nilipomweleza mke wangu yote, alilia, kisha akasema, "Basi waseme. Wanangu wataolewa. Ila uape hutautamka ukweli, hata nikifa." Nikaapa.

Mtoto alikufa. Watu wakaacha kunywea vikombe vyetu, wakatungoja na sisi tufe. Hatukufa! Baadaye wakaanza kuja kwa mlango wa nyuma: "Mwalimu, usiwe mchoyo, tugawie hiyo dawa unayoificha." Mabinti zangu wote wameolewa kanisani. Kwa hilo simwombi mtu yeyote msamaha, wala padri.

Sasa mke wangu ni marehemu, na binti yangu wa mwisho, aliyezaliwa baada ya vita, amemleta mwanawe hapa Bukoba. Nitamwita Koku. Ana miaka kumi na miwili, tumbo limevimba, mifupa inamuuma, na hospitali wanafikiria kuutoa wengu. Juzi mama yake aliniinamia kitandani. "Tata, niambie. Ulinizaa nao, nami nikampa mtoto? Nimepima na kupima, wanasema sina. Vipimo vyao havioni?"

"Huna, mwanangu."

"Na wewe ulipona kwa dawa gani?"

Nikageukia ukutani.

Dawa sasa ipo. Wataalamu wamezifundisha seli zilizokuzwa kwenye matangi kutengeneza kimeng'enya kile, kisha wakazipunguza sukari zilizoshikamana nacho ili seli zenye shida zikipokee. Kinaingizwa kwa dripu, maisha yote. Ni ghali mno, lakini wapo wanaosaidiwa kukipata. Kwanza lazima mtu aseme watafute nini.

Nikisema, Koku atapimwa. Nikisema, mjukuu wangu mwingine, ambaye posa yake imekwisha kuletwa, ataitwa wa ukoo mbovu. Wakwe wa binti yangu watasema kwao hakuna kitu kama hicho, ingawa ni lazima kwao nako kipo, maana mtoto hukirithi pande zote mbili. Na kiapo changu kiko kaburini na mwenzangu.

Ninyi mnaosoma, nishaurini: nivunje kiapo, au nife nacho? Nitukaneni mkitaka, nimezoea. Lakini asiseme mtu kwamba mzee hakujua. Pasaka ya mwaka juzi Koku alikaa magotini pangu, mkono wangu ukagusa wengu wake. Nilijua siku ile ile, nikampa ndizi, nikanyamaza.